Namtafuta Mwenye Joho la Kijani

Wanaume wa rika langu hapa Voi wana mambo ya heshima yanayowafilisi. Yuko anayejenga nyumba isiyofika lenta. Yuko anayefuga kuku wanaokufa kwa zamu, kama askari wanaopokezana lindo. Yuko anayegombea kiti cha wadi kila uchaguzi na kushindwa hata na kura zilizoharibika. Hao wakipita sokoni watu huwaamkia. Mimi nakusanya komiki.

Na si zile nyembamba za kusomwa kwa kinyozi halafu zikaishia kufungia njugu. Zangu ni za jalada gumu, nzito kama tofali, za enzi ile ambapo hadithi za mwaka mzima za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilishonwa pamoja na kuuzwa kama kitabu kimoja kikubwa cha zawadi kwa watoto wa ng'ambo. Ndani yake wanaume wazima waliovaa chupi juu ya suruali wanaruka juu ya maghorofa, wanapiga majambazi, kisha wanashika kiuno kungoja kushukuriwa. Hakuna hata mmoja anayelima. Hakuna anayedaiwa karo. Hakuna aliyewahi kupanga foleni ya maji. Nimevisoma vingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili, na naweza kusema kwa uzoefu kwamba ni upuuzi uliofungwa vizuri.

Sasa mbona nimejaza chumba kizima? Swali hilo mke wangu huniuliza akiwa na kabichi mkononi, maana anauza mboga zinazoshuka kutoka Bura, na mwanamke mwenye kabichi mkononi si wa kujibiwa ovyo. Humwambia ukweli: kuna mtu namtafuta.

"Mtu gani?"

"Mwenye joho la kijani."

"Na akipatikana?"

"Basi. Nitaacha."

"Hata mlevi husema hivyo hivyo," hunijibu, na kurudi kwa kabichi zake.

Lakini ni kweli. Nililelewa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, kule chini tambarare, ingawa kwetu hasa ni Mghange, milimani. Baba alikuwa mkata mkonge. Meneja wa shamba, mzungu, alipofungasha kurudi kwao, aliacha nyuma ya nyumba yake sanduku la vitabu vya wanawe, na wafanyakazi wakagawana kama nyama. Wengi walitaka yale majalada tu. Jalada gumu lilikuwa mali: lilikatwa likawa soli ya ndani ya kiatu, lilizibwa nalo dirisha. Baba alirudi na kitabu kizima. Na kama alivyoona kila mtoto wa shule akifanya na vitabu vyake, akakivalisha gamba. Alichukua karatasi ya mfuko wa simiti, akaibandika kwa gundi ya ugali, akaikaza mpaka kitabu kikawa cha kijivu mbele na nyuma, kama kitu cha serikali. Kwa hiyo sikuwahi kuona jalada lake. Sikuwahi kujua jina lake. Nilijua yaliyokuwa ndani tu, na hayo niliyajua kupitia mdomo wa baba, kwa kuwa nilikuwa sijaanza kusoma.

Alikuwa anatusomea jioni, mimi na dada yangu, maji ya ugali yakichemka. Alikuwa mtu wa mzaha, usingejua lini anasema kweli.

"Baba, mbona wana wingu mdomoni?"

"Huko kwao ni baridi kama Mghange mwezi wa saba. Mtu akifungua mdomo, unaona pumzi."

"Na hivyo vyeusi ndani ya wingu?"

"Usubi."

Niliingia darasa la kwanza nikiamini kwamba herufi ni wadudu, na kwa namna nilivyofanya mtihani wa kidato cha nne, walimu wangu watakubali kwamba sikuwahi kupona kabisa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya shujaa mwenye joho la kijani. Si shujaa wa kuruka. Alikuwa mtu wa mizigo. Alibeba magunia mazito begani, mbio, mchana wa jua kali, akiwapelekea watu chakula. Nyuma yake alikuwa nyapara, yule msimamizi wa kusimamia wenzake wakivuja jasho, akimfuata kila aendako. Shujaa wangu alikuwa na adabu. Alipokutana na watu aliwajulia hali kwanza: mmeamkaje, wa nyumbani wazima, mvua imefika kwenu. Hata aliyetaka kumpiga alimsalimia kwanza. Kisha ikaja treni. Alipanda na magunia yake, na nyapara akasimama katikati ya reli, akaizuia treni nzima kwa kifua ili ajue nani amechelewa kazini. Tulimchukia yule nyapara mpaka dada yangu akamchoma jicho kwa kijiti cha kiberiti. Na mwisho, gari zuri jeusi likaja kumchukua mwenye joho la kijani. Akakaa kiti cha nyuma, mikono ameiweka mgongoni kama mzee anayetembea shambani kwake, akapelekwa nyumbani kupumzika.

Mchwa walikila kitabu hicho mwaka nilioanza shule. Mchwa wa tambarare hawana masihara. Wanaanzia ndani, wanakuachia umbo. Baba naye alifariki nikiwa kidato cha pili, na sitaeleza hapo zaidi. Ila sauti yake imenitoka. Nakumbuka kofia yake, nakumbuka kikohozi, lakini sauti haiji. Inayobaki ni hadithi hiyo, na nilijiaminisha kwamba siku nitakayokishika kitabu tena, nikafungua picha ile ya magunia, nitaisikia.

Ndiyo maana ya chumba. Sasa cheka.

Kukusanya si kazi ngumu kwa mtu wa aina yangu. Mimi si wa kutoka. Natengeneza simu na redio kwenye baraza la nyumba yangu, na safari yangu ndefu ya kawaida ni kutoka barazani hadi chooni. Vitabu vilinijia vyenyewe. Mwanzoni nilivinunua kwa muuzaji mmoja wa vitabu kuukuu Mombasa, mtu ambaye sijamwona uso mpaka leo, ila sauti yake naijua kuliko ya mchungaji wangu.

"Yuko mwenye joho la kijani?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Wako wa kila rangi, kaka. Kuna mwekundu, kuna mweusi, kuna mmoja rangi ya embe bivu."

"Kijani."

"Kijani kipi? Cha mchicha au cha bendera?"

"Anayebeba magunia."

"Kaka yangu, shujaa gani huyo? Hamali?"

"Ndiye huyo huyo."

"Nyinyi watu wa bara mnanipa taabu," akasema, lakini akaniletea. Kila kitabu alichokileta aliapa kwamba ndicho chenyewe, na kila nilipokifungua nilikuta bwana mwingine ameshika kiuno juu ya paa la watu. Niligundua kwamba mashujaa hawa wote ni ndugu wa baba mmoja: kidevu kama jembe, kifua kama gunia, akili kama ya mbuzi wa jirani. Mmoja ana uwezo wa kuona kupitia ukuta, na bado kila sura adui anamvizia nyuma ya mlango. Mwingine anaweza kukausha mto kwa pumzi. Angekuja kwetu kiangazi tungempiga mawe.

Baadaye nikaingia katika kundi la wakusanyaji kwenye simu. Hao ni watu wa Nairobi hasa, wenye mishahara, na sijawahi kuona watu wazima wanaoabudu karatasi namna hiyo. Wanapiga picha vitabu vyao vikiwa ndani ya nailoni, vimesimama kwa safu kama maiti za wakubwa. Sheria yao kuu ni kwamba kitabu kilichofungwa hakifunguliwi. Ukifungua, thamani inashuka. Ukisoma, ndiyo umeua. Mmoja wao, ambaye badala ya uso wake ameweka picha ya ngumi, alituandikia: "Msomaji ni adui wa kitabu." Nilimcheka sana huyo mtu. Kisha nikamtii. Hapo ndipo mjue nilivyo: namdharau mtu asubuhi, jioni nafuata alichosema.

Kwa hiyo, vitabu vilivyokuja vikiwa ndani ya nailoni sikuvifungua. Nilitazama jalada tu. Kama wa mbele si wa kijani, nilisonya nikakisimamisha kwenye rafu pamoja na wenzake. Kimoja nakikumbuka vizuri kwa sababu nilikidharau kuliko vyote. Jaladani alikuwa bwana wa buluu, buti zinang'aa, mikono kiunoni, pua juu, kama aliyekuja kukagua choo cha shule. Nilimpigia muuzaji wangu simu kumtukana kwa adabu.

"Huyu ni nani umeniletea?"

"Huyo maarufu, kaka! Watu wanamlilia."

"Mimi simlilii. Nataka wa kijani."

"Umemwangalia ndani?"

"Ndani haifunguliwi."

"Ala! Sasa wewe unasoma kwa kunusa?"

Nikakata simu. Niliona hana elimu ya mambo haya.

Hali ilikuwa hivyo mpaka mke wangu alipokuja kusimama mlangoni pa chumba bila kabichi. Hapo nikajua ni zito.

"Baba watoto, mamako hawezi tena kile kilima cha Mghange. Magoti yamekataa. Jirani ameniambia juzi alishuka kuchota maji, akarudi kwa makalio. Nimempigia, Jumamosi anakuja kukaa na sisi."

"Karibu sana mama," nikasema. "Atalala wapi?"

"Kwa hawa wanaume wenye chupi."

"Hapa hakitoshi kitanda."

"Ikitoka hii takataka patatosha kitanda, kabati, na kwaya."

"Nipe muda kidogo. Nakaribia kumpata."

"Nani?"

"Wa kijani."

Mke wangu ni Mdawida, Mtaita wa Chawia, na wa Chawia hawapigi kelele. Alinitazama tu. "Mamako anatembea kwa makalio," akasema, "na wewe unatafuta mtu wa kuchora."

Nilitoa vitabu rafuni siku hiyo hiyo, nikavipanga kwenye maboksi ukutani, nikijisonya. Nilipanga kumpigia wa Mombasa aje avichukue vyote kwa bei ya kilo. Nilikuwa nimeshindwa, na nilishindwa na magoti ya mtu, si hata na jambazi.

Mama alifika Jumamosi na gunia la maharage, viazi vitamu, kuku aliyefungwa miguu, na furushi la vyombo vyake vya jikoni, kana kwamba kwetu tunakula kwa viganja. Alizungushwa nyumba. Alipofika chumbani akasimama mbele ya maboksi.

"Umekuwa mwalimu?"

"Hapana, mama."

"Padri?"

"Hapana."

"Basi vitabu vyote hivi ni vya kesi gani?"

"Ni vya picha tu."

"Ah," akasema, na kunitazama kwa huruma ambayo mama humpa mtoto aliyechelewa kuongea.

Jikoni aliikataa gesi siku ya kwanza. Alisema kitu kisichokuwa na moshi hakiwezi kuivisha kimanga, yaani mihogo na maharage yanayopondwa pamoja mpaka mwiko usimame. Akaweka jiko la makaa barazani, karibu na meza yangu ya simu, akachomoa kipepeo chake cha moto kutoka kwenye furushi, akaanza kupepea. Jivu likapaa, likatua juu ya simu ya mteja niliyokuwa nimeifungua tumbo.

"Mama, pole pole hapo."

"Makaa yenu ni mabichi."

Nikainua kichwa ili nimwonyeshe pa kugeuzia jiko, na macho yangu yakatua kwenye kile kipepeo. Hakikuwa cha ukindu. Kilikuwa bamba gumu la kijivu, kingo zimechakaa, kona moja imeungua. Na upande mmoja kilikuwa na kitu ambacho mtu wa kawaida asingekitazama mara mbili, lakini mimi nimekaa na hivi vitu miaka: nyuzi fupi nyeupe zimetokeza kwa mstari, zile za kushonea kurasa.

"Mama, hicho ni nini?"

"Kipepeo."

"Kabla hakijawa kipepeo?"

Akakigeuza, kama ambaye hajawahi kuulizwa historia yake. "Si ni kile kitabu chenu cha baba yenu? Mchwa walikula wakashiba, wakaacha nyumba. Simiti iliwashinda."

Bisibisi ilinitoka mkononi. Kumbe nilikuwa nimepekua Mombasa na Nairobi, nimetukanana na watu, nimeandika ujumbe kwa Kiingereza cha kidato cha nne kwenda nchi nisizozijua, na kitu chenyewe kilikuwa Mghange kikipuliza makaa. Na nilikuwa nimekiona! Kila Desemba nilipopanda kuwasalimu nilikaa mbele ya kitu hicho nikila ugali ulioivishwa nacho, nikimweleza mama jinsi bidhaa za maana zinavyopatikana kwa shida siku hizi.

"Kilete, mama."

"Maharage je?"

"Yatangoja."

"Maharage hayangoji mtu. Usiniharibie, hicho kimenitumikia kuliko wewe."

Mke wangu alitoka kuona kelele ni za nini. Nikapasha maji, nikachovya kitambaa, nikaanza kulainisha ile karatasi ya simiti. Gundi ya ugali ya baba ilikuwa imeshika kama laana. Nilibandua kidogo kidogo, na wanawake wawili wameinama juu yangu, mmoja akisema nitapasua, mwingine akisema bora nipasue. Rangi ikaanza kutokea. Nilingoja kijani. Ikaja buluu. Ikaja buti inayong'aa. Ikaja mikono kiunoni, kisha pua, juu.

Alikuwa yeye. Mkagua choo.

"Huyu siye," nikasema.

"Siye nani?" mama akauliza.

"Shujaa wetu alikuwa wa kijani. Hiki siyo kile kitabu. Mama, utakuwa umechanganya."

"Nimechanganya!" Akamgeukia mke wangu. "Umesikia? Mimi niliyekichota kwenye mchwa kwa mikono hii."

Mke wangu alikuwa ameshaingia ndani. Nilimsikia akivuta maboksi. Akarudi na kitabu changu, kile nilichokidharau kuliko vyote, ndani ya nailoni yake, akakiweka sambamba na kile cha mama. Bwana wa buluu mzima na bwana wa buluu aliyeungua kona. Pacha.

"Umekuwa nacho," akasema.

"Sikukifungua."

"Kwa nini?"

Jaribu kumweleza mwanamke anayeuza kabichi kwamba kuna watu Nairobi wanaosema kitabu kikifunguliwa kinakufa. Akanipa kisu cha mboga.

Nailoni ilipasuka kwa sauti ndogo, na harufu ya karatasi kuukuu ikatoka. Nikaanza kufunua. Bwana wa buluu akiruka, bwana wa buluu akipokea maua. Mama akanipokonya. Alilowesha kidole, akafunua kwa haraka kama anayechambua mchicha, akasimama.

"Huyu hapa."

Joho la kijani. Magunia mawili begani. Anakimbia. Nyuma yake, juu ya ukuta, miguu imetanuka na mikono kiunoni, bwana wa buluu anamtazama.

Niliyasoma yale maneno yaliyokuwa kwenye wingu. Niliyasoma tena. Mwenye joho la kijani alikuwa ametoka kuvunja benki. Magunia yalikuwa ya pesa. Alikuwa mwizi wa kawaida kabisa, hadithi moja tu, hata jina la maana hawakumpa. Niligeuza ukurasa na treni ikawa pale: mwizi ndani anatoroka, na shujaa wa buluu katikati ya reli anaizuia kwa kifua. Nikageuza wa mwisho. Gari jeusi la polisi. Mwenye joho la kijani kwenye kiti cha nyuma, mikono mgongoni. Katika picha ya baba alikuwa anapumzika. Hapa nilimwona na pingu.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Na katika kumbukumbu yangu yule nyapara alivaa kaptura ya kaki na kofia ya jua, kwa sababu wa kwetu alivaa hivyo. Hata siku moja sikuwahi kumtafuta mtu wa buluu.

"Baba hakujua kusoma," nikasema. Niliona nimepata jibu, na halikuwa tamu.

"Nani hakujua?" Mama alikuwa amerudi kwenye jiko, anapepea kwa mfuniko wa sufuria maana kipepeo chake nilikuwa nimekilowesha. "Cha Kizungu hakuwa nacho sana, lakini hicho alijua. Mimi mwenyewe nilimwambia. Nilisoma kwa masista kule Bura, niliona neno mwizi limeandikwa kubwa. Nikamwambia, unawadanganya watoto, huyo wa kijani ni mwizi."

"Akasemaje?"

"Alikuwa ametoka kukata mkonge, mikono imechomwa na miba, hawezi hata kushika kikombe vizuri. Akaniambia: 'Mama watoto, tazama vizuri. Huyu amebeba mzigo juani, yule amesimama na viatu safi. Sasa mimi nimwambie mwanangu ni yule wa viatu ndiye mzuri?'"

Mke wangu akacheka kwanza. Mama akamfuata.

"Nikamwambia, lakini imeandikwa. Akasema, 'Walioandika ni manyapara.'"

Aliposema hilo la mwisho alishusha sauti, akaivuta pua kidogo na kumalizia na kikohozi, kama alivyokuwa akimwiga siku za matanga watu wakikumbushana. Mama hana kipaji cha kuiga. Lakini nilijua ni nani. Niligeuka nikaanza kutafuta bisibisi yangu chini ya meza, nikachukua muda mrefu kuipata.

Chumba ni chake sasa. Kitanda tulichonunua kilikuwa cha chini mno kwa magoti yake, alikuwa akiketi hawezi kusimama, na fundi alitaka kuongeza miguu ya mbao. Nikamwambia asijisumbue. Kila pembe ya kitanda nimeiinua kwa vitabu vya jalada gumu, vingine bado vina nailoni, vinene vyote, na kitanda hakitikisiki. Nilipiga picha nikaiweka kwenye kundi la wakusanyaji bila maelezo. Yule wa ngumi aliandika "Kufuru" na kunitoa. Ni sawa. Mashujaa wale wote na vifua vyao, ndiyo mara yao ya kwanza kubeba mzigo.

Kile kimoja nimekibakisha barazani. Kipepeo mama alikidai siku hiyo hiyo, kilipokauka, na nikakirudisha, bwana wa buluu akiwa wazi sasa. Mama humpunga juu ya makaa kila jioni na naona pua yake imeanza kuingia masizi. Akipepea, mimi humsomea. Siku ya kwanza nilijaribu kumsomea ilivyoandikwa, nikitafsiri neno kwa neno kwa sauti ya mtu aliyefika kidato cha nne. Nilikuwa sijafika mbali, wa kijani ndiyo kwanza anakutana na askari mlangoni, mama akanizuia kwa mwiko.

"Ati anaanza tu na makelele? Hajawasalimia."

Nikarudi nyuma kwenye ile picha. Nikaitazama pumzi yake imemtoka nyeupe mdomoni, na usubi ndani yake.

"Mmeamkaje," nikasema. "Wa nyumbani wazima? Mvua imefika kwenu?"

"Eeh," mama akasema, akarudi kwenye jiko. "Sasa endelea."